Papa Analala Mchana

Kazi yangu ni kushuku watu. Mimi ni mkuu wa nidhamu katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikisimama mlangoni asubuhi kutazama nyuso. Namjua mtoto aliyeficha karatasi ndani ya soksi kabla hajavuka kizingiti. Naijua barua ya ruhusa iliyoandikwa na dada mtu badala ya mama. Na kuliko vyote, naujua usingizi. Kuna mwanafunzi anayelala darasani kwa sababu ametoka mbali kwa miguu, kuna anayelala kwa sababu hajala, na kuna anayejifanya amelala ili asiulizwe swali. Hao watatu siwakosei. Au niseme nilikuwa siwakosei, mpaka baba yangu alipoanza kulala mchana.

Ili mtu anielewe, lazima ajue baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa fundi wa vitanda, huko Bagira. Watu wengi wa rika langu waliokulia kule wamelala juu ya mbao alizozipiga randa yeye. Lakini yeye mwenyewe na kitanda hawakuwa marafiki. Alfajiri alikuwa ameshaamka, maranda yameshajaa kwenye nywele zake, na jioni alikuwa mtu wa mwisho kuingia ndani. Sisi watoto tukikutwa tumejinyoosha baada ya chakula, hata siku ya likizo, alikuja na rula yake ya mbao akatugonga nyayo.

"Kitanda iko ya usiku," alisema. "Mutu wa kulala muchana iko mugonjwa ao iko mwizi."

Mgonjwa au mwizi. Aina ya tatu haikuwepo nyumbani kwetu. Nimeolewa, nimezaa watoto wanne, nimefikisha umri wa kuvaa miwani, na mpaka leo nikijilaza mchana na homa kali nyayo zangu zinawasha.

Mama yangu alipofariki, Papa, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikaa miaka minne peke yake, kisha akaoa mjane mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Ni mwanamke anayenizidi umri kidogo tu. Mbele yake nilimwita maman, na nikiwa na ndugu yangu tulimwita ule mwanamke. Niseme ukweli, hakuwa amenikosea kitu. Hakugusa picha ya mama ukutani, hakubadilisha mapazia, hakuwahi kunijibu vibaya. Na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Shuleni, mtoto asiye na kosa hata moja kwa muhula mzima huwa namwangalia mara mbili.

Mimi naishi Nyalukemba na mume wangu. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa napanda Bagira kula na Papa. Jumapili ya kwanza niliyomkuta amelala, saa nane mchana, alikuwa kwenye kiti, kichwa nyuma, mdomo wazi. Nilisimama mlangoni nikamtazama kama mtu aliyemkuta padri sokoni akigombana. Aliposhtuka alijifuta mate haraka, akaona aibu.

"Nilifunga tu macho kidogo," alisema.

Nikacheka, nikamwambia nitaleta rula. Naye akacheka. Lakini Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na ile iliyofuata hakuwa tena kwenye kiti, alikuwa kitandani, mlango umerudishwa, viatu vimepangwa. Alilala saa nzima na zaidi. Baada ya miezi kadhaa akawa analala katikati ya maneno. Ananiuliza habari za wajukuu, naanza kumjibu, nageuka kuchukua chai, nikirudi kidevu kiko kifuani. Siku moja nilimkuta karakanani amelala wima, ameegemea kabati alilokuwa analipima, penseli iko sikioni. Niliogopa kweli siku ile.

Ni katika majuma hayo nilipomsikia daktari mmoja redioni. Nilikuwa napiga pasi, umeme ulikuwa umerudi na kila mtu mtaani alikuwa anapiga pasi. Yule daktari alizungumza juu ya usingizi wa mchana kwa watu wenye umri. Alisema mambo mawili. La kwanza, kujilaza kidogo si kosa, lakini mzee anayelala mchana muda mrefu, tena kila siku, mara nyingi huja kuonekana ana moyo mbovu, au tansiyo, yaani shinikizo la damu, au sukari, au kichwa kinaanza kusahau. La pili, haijulikani vizuri kama usingizi ndio unaoleta ugonjwa au ugonjwa uliojificha ndio unaoleta usingizi, kwa hiyo mtu asikimbilie kulaumu kitanda, aulize kwanza mzee huyo analalaje usiku.

Nilisikia yote mawili. Nikashika lile la kwanza. Lile la pili lilipita tu pamoja na mvuke wa pasi.

Kesho yake nilichukua daftari jipya la shule, la mistari, nikaandika kwenye jalada "Papa". Kila Jumapili niliandika saa aliyolala, saa aliyoamka, na alichokula kabla. Siku za kazi nilimpigia simu kwa visingizio, saa saba, saa nane, saa tisa, nikasikiliza sauti. Sauti nzito niliandika L, kwa kulala. Yule mwanamke akipokea badala yake na kusema "Iko anapumuzika," niliandika L na kuipigia mstari. Niliandika pia kwamba shingo yake imenenepa na kola haifungi tena, na pembeni nikaweka: anamlisha nini? Mwisho wa mwezi kurasa zilikuwa zimejaa. Hata mwanafunzi mchelewaji kuliko wote shuleni kwetu hana faili kama lile.

Kitu kingine niliandika, na leo ninakikumbuka kwa uchungu. Mwanamke yule naye alikuwa anasinzia. Nilimwona Jumapili moja nyuma ya nyumba, ameketi juu ya kigoda na beseni la sambaza mapajani, anawachambua, mkono ukasimama, kichwa kikaanguka, inzi wakatua kwenye beseni naye hakuwafukuza.  Mtu mwingine angefikiri amechoka. Mimi nilienda kwenye daftari nikaandika: na yeye anajifanya. Nilimweka kwenye aina ya tatu, wale wasiotaka kuulizwa swali.

Ndugu yangu yuko Kamituga, ananunua na kuuza dhahabu. Nilimweleza kwa simu. Hakungoja nimalize.

"Dada, fungula macho," aliniambia. "Mutu mwenye alitumikaka vile hawezi kulala bure. Kuko kitu ule mwanamuke anamuwekea mu byakula."

Hakulitaja lile neno, wala hakuhitaji. Kwetu kuna neno moja, karuho, nalo ni sumu ya polepole. Wanasema mtu hupewa kidogo kidogo ndani ya chakula au kinywaji, na haanguki palepale. Hulegea tu, hukonda au huvimba, huacha kazi, hulala, mpaka siku moja haamki. Mtu akifa kwetu, hata awe na miaka tisini, kuna mtu msibani atakayeinama sikioni mwa mwenzake. Nimesoma, ninajua biolojia kiasi cha kufundisha darasa la pili la sekondari mwalimu asipofika. Lakini neno lile lilikuwa limeshaingia, na daftari langu, nililolianza kwa ajili ya moyo na tansiyo, likawa daftari la sumu bila mimi kubadilisha jalada.

"Umuambie aonje," alisema ndugu yangu. "Njo utajua."

Hapa lazima nieleze desturi. Kwetu, anayemkaribisha mtu pombe ya ndizi, kasiksi, hunywa yeye kwanza funda moja mbele ya mgeni, kisha humpa kibuyu. Ni heshima. Inasema, nitakachokupa nimeshakiweka tumboni mwangu. Nimemwona mama yangu akifanya hivyo mara nyingi sana, anaonja, anafuta ukingo kwa kiganja, anatoa kwa mikono miwili. Lakini ni desturi ya wageni. Ndani ya nyumba, mke hamwonjei mumewe, mama hawaonjei watoto. Na hakuna anayeomba kuonjewa. Anayeomba ameshasema kila kitu.

Mimi niliomba. Ilikuwa Jumapili, meza imeandaliwa, bugali, sombe ya majani ya muhogo, sambaza wa kukaanga na pilipili pembeni. Papa alikuwa ameketi, ameshanawa mikono. Mwanamke yule alikuwa anaweka glasi.

"Maman," nilisema, "uonje kwanza."

"Nionje?"

"Ndiyo. Kama vile tunafanyaka ku wageni."

Aliniangalia. Sikuona hasira, na nilikuwa naitafuta. Akavuta kijiko, akachota sombe, akala. Akamega bugali, akala. Akachukua sambaza mmoja kwa mkia, akamtafuna mzima pamoja na kichwa. Akamimina maji kwenye glasi ya Papa, akanywa funda moja, akafuta ukingo kwa kiganja kama mama yangu alivyokuwa akifanya, kisha akamsogezea kwa mikono miwili.  Papa alitazama ukuta, upande wenye picha ya mama. Tulikula tukisikia meno yetu wenyewe.

Baada ya chakula Papa alilala, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nimeshinda. Mwanamke ameonja na hajafa, basi sumu iko kwenye chai ya asubuhi, ambayo mimi siioni. Ndivyo nilivyofikiri. Mtu akishaamua kushuku, kila kitu kinamsaidia, hata kile kinachomkanusha.

Tangu siku hiyo sikuomba tena, kwa sababu hakunipa nafasi. Kila Jumapili, kabla sijavuta kiti, alikuwa ameshachukua kijiko. Anaonja hiki, anaonja kile, taratibu, akinitazama, kisha anasogeza. Hata ndizi mbivu alimega ncha. Hata chumvi. Niliona haya, lakini nilijifunza kuwa na haya na kuendelea.

Kisha nikapata kile nilichokuwa nikikitafuta. Ilikuwa Jumapili mchana, Papa amelala ndani, mwanamke ameenda kuchota maji. Nilitoka nyuma kuanua nguo maana mawingu yalikuwa yameshuka. Kwenye kamba kulikuwa na shati la Papa la kulalia, lile la mistari ya bluu. Nilipolishika, mkono wangu ukakutana na kitu kigumu. Katikati ya mgongo, kwa ndani, palikuwa pameshonwa kifuko cha kitenge, ukubwa wa yai la kuku, mishono ya karibu karibu, mizuri, ya mtu aliyekaa chini na kufikiri. Ndani kulikuwa na kitu cha mviringo.  Kitu kilichofichwa kwenye nguo ya mtu, mahali asipoweza kukiona: kwetu hicho kina maana moja tu.

Ndani ya mkoba wangu natembea na mkasi, wa kucha za wanafunzi. Nilikata kile kifuko, nikakitia kwenye mkoba bila kukifungua, nikalikunja shati nikaliweka chini kabisa ya nguo nyingine. Mwanamke aliporudi na bidoni la maji kichwani nilimsaidia kulitua. Nikamshukuru kwa chakula. Nikaenda zangu.

Juma lile Papa alikuwa mbaya zaidi. Niliandika L kila siku, mara mbili, mara tatu kwa siku. Nikajiambia, ona, amegundua kwamba nimetoa kitu chake, ameongeza dozi. Ndugu yangu akasema tusingoje. Kuna mfumu mmoja kwenye kilima juu ya Bagira, mtu wa kutoa sumu, watu wanatoka mbali kumfuata. Jumamosi nilikwenda kumchukua Papa. Nilimdanganya mwanamke kwamba tunakwenda kumwona ndugu mgonjwa. Papa sikumdanganya. Njiani nilimwambia wapi tunakwenda na kwa nini, ila kifuko sikukitaja, maana nilitaka kumkinga na hofu.

Alisimama katikati ya njia akapumua. Alikuwa anapumua kwa shida kwenye mlima.

"Weye unaamini ile maneno?" aliniuliza.

"Papa, unalala kama mutu mwenye hana mifupa. Nitaamini nini?"

Alinitazama usoni, macho yake mekundu. "Una myezi mingi haulale muzuri, mwanangu. Inaonekana," alisema. "Tuende. Pengine weye utapata kulala."

Yule mfumu aliniita pembeni kwanza. Nikamwonyesha kifuko. Hakukigusa. Alikitazama kwa mbali, akatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa redio ya kutengeneza, akasema nikakichome moto mahali njia mbili zinapokutana. Kisha akampa Papa kikombe cha maji meusi. Papa alikunywa. Alitapika mara tatu kwenye beseni, na mara ya tatu mfumu akaingiza kijiti, akainua kitu cheusi, chembamba, kama kipande cha jani lililooza.

"Njo hii," alisema. "Ya siku mingi."

Nililia kwa furaha. Nasema wazi hivi kwa sababu sitaki mtu afikiri nilisitasita.

Lakini Papa hakuacha kutapika. Alitapika njiani, alitapika tulipofika nyumbani, usiku kucha na asubuhi yake. Jumapili saa sita ulimi wake ulikuwa mzito na maneno yake hayakuwa yanafika mwisho. Mwanamke yule hakuniuliza nimemlisha nini. Alinituma nikatafute taksi, akamfunga Papa shuka, akambeba upande mmoja, mimi upande mwingine, tukashuka naye mpaka hospitali mjini. Nilikuwa namshika baba yangu kwapani na kujua kwamba akifa ni mimi.

Walimtia maji mishipani. Wakampima tansiyo, wakapima tena kwa mashine nyingine kwa sababu hawakuiamini ile ya kwanza. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya usingizi yeye mwenyewe. Alituketisha, mwanamke na mimi, akauliza tangu lini mzee amekuwa hivi. Hapo nikatoa daftari. Hata katika hofu ile, nilikuwa na fahari kidogo. Miezi yote ilikuwa mle, saa na dakika.

Alifunua kurasa moja moja. Alisoma kweli.

"Maman, uliandika muzuri," alisema. "Lakini hapa yote ni muchana. Usiku je?"

Sikuelewa.

"Usiku analalaka namna gani?"

 Sauti ya yule daktari wa redioni ilirudi, lile jambo la pili, na harufu ya pasi. Nilikuwa na kurasa na kurasa juu ya usingizi wa baba yangu, na swali la usiku halikuwa limenipita kichwani hata mara moja.

"Nani analalaka naye?" aliuliza daktari.

"Ni miye," alisema mwanamke.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, bado inanuka samaki kidogo. Akaeleza bila haraka. Nayaandika maneno yake nilivyoyashika.

"Anakoromaka sana. Kisha ananyamaza. Pumzi inasimama. Miye nahesabu. Nikifika ku ishirini, siku ingine ku makumi tatu, njo namusukuma. Anashituka, anavuta pumzi kama mutu mwenye alitoka mu maji. Analala, inaanza tena. Inaenda myaka mbili sasa."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

"Na weye unalalaka wakati gani?"

Alifikiri, kama swali hilo ni geni kwake. "Muchana. Kidogo. Nikiwa nachambua sambaza."

Daktari aliandika. Aliuliza kama kuna kitu kinachosaidia.

"Akilala ku mugongo njo inakuwaka mubaya. Akilala ku mbavu inapungua. Basi yeye mwenyewe alichongaka kamuti ka muviringo, miye nikamushonea mu shati, huku nyuma. Akigeukia mugongo inamuchoma, anarudia ku mbavu. Ilisaidia. Wote wawili tulikuwa tunalala kidogo." Alifuta viganja mapajani. "Ile shati ilirudi ku kamba bila kamuti. Sijue ni nani alikatoa. Hii juma nilikuwa namushika na mukono tu, mupaka asubui."

Kifuko kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Sikukichoma. Miaka kumi na tisa ya kazi imenifundisha kutunza ushahidi. Kilikuwa pale, kati ya rozari na mkasi, na hakuna aliyejua. Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, kwa urefu wa pumzi mbili tatu. Kisha nikafungua mkoba nikakiweka juu ya meza ya daktari.

Mwanamke alikitazama. Mishono yake mwenyewe.

"Kumbe," alisema.

 Daktari alikata nyuzi kwa kisu kidogo na ndani kukatoka kipande cha mti mwekundu, laini, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa. Baba yangu hajui kutengeneza kitu kibaya hata cha kujichoma mgongo.

Daktari alieleza kwa lugha rahisi. Mtu anayesimama pumzi usiku, moyo wake hulazimika kukimbia usiku kucha wakati yeye anafikiri amelala. Shingo ikinenepa inazidi. Tansiyo hupanda humohumo, na miaka ikipita hapo ndipo moyo au kichwa hupasuka. Usingizi wa mchana, alisema, haukuwa unamwua. Ulikuwa unatuita, na hatukwenda. Zipo mashine za kusaidia pumzi, lakini kuzipata hapa kwetu ni kazi. Alimpa dawa za tansiyo, akamkataza kasiksi ya jioni, akamtaka apungue mwili, na akasema yule aliyebuni kale kamti arudishe kamti kake. Kuhusu kutapishwa, alinitazama juu ya miwani akasema siku nyingine nimlete kwake kwanza. Alikuwa mpole mno. Ningependa anikaripie.

Kwenye korido nilimuuliza mwanamke kwa nini hakuniambia. Sauti yangu ilitoka na hasira bado, kama kwamba kosa ni lake. Tabia haifi siku moja.

"Papa yako alinikataza," alisema. "Alikuwa na haya. Aliwafundishaka batoto kama mutu wa kulala muchana iko mugonjwa ao mwizi. Hakutaka mumuone mugonjwa." Akafunga upya kitenge chake kiunoni. "Na weye haukuniulizaka. Uliniambia nionje."

Papa alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Kiharusi kimeuvuta mdomo wake kidogo upande wa kushoto, na kikombe anakishika kwa mikono miwili. Randa haishiki tena. Hakuna aliyeniambia kama hilo limetoka kwenye pumzi zake au kwenye kikombe changu cha maji meusi, na daktari nilipomuuliza alisema vitu hivyo havitenganishwi. Mimi ninavitenganisha kila siku. Ndugu yangu wa Kamituga bado anasema tungechukua mfumu mwingine, na nimeacha kumjibu.

Sasa ninakwenda Bagira Jumamosi pia. Naingia saa saba, namwambia maman aende kulala, na mimi nakaa na Papa. Mara ya kwanza alikataa, akasema ana sambaza. Nikachukua beseni mikononi mwake nikawachambua mimi, vibaya, na vidole vyangu vilinuka mpaka Jumatano. Mara ya tatu alikubali. Akaingia, akarudisha mlango, akapanga viatu. Papa aliuangalia ule mlango uliofungwa mchana kweupe, mdomo wake uliovutika ukatafuta tabasamu.

"Acha alale," aliniambia polepole. "Usilete rula."

Jumamosi iliyopita nilipika mimi. Bugali, sombe, sambaza. Maman alilala mpaka saa kumi, akatoka na alama za shuka shavuni, macho yamefumba nusu kama mtoto. Akaketi mezani, mahali pa mgeni, maana ndipo palipokuwa wazi. Nilimwekea sahani yake. Kisha nikafanya kile nilichokuwa nimekipanga tangu Nyalukemba, tena nilikipanga juma zima. Nikachukua kijiko, nikachota sombe kwenye sahani yake, nikakiinua ili nile mimi kwanza, mbele yake na mbele ya Papa.

Alinishika mkono. Hakukaza, lakini kijiko hakikufika mdomoni.

"Miye sikukuomba," alisema.

Akavuta sahani, akamega bugali, akaanza kula bila kukitazama chakula. Mimi nilibaki nimesimama pale na kijiko changu.